Kutengeneza brashi zako mwenyewe za mapambo: kuanzia jani la masale mpaka kadi iliyoprintiwa

Ukipita steshenari za Moshi mjini kuanzia mwezi wa kumi kwenda Desemba utakuta kadi zimejaa mezani, za harusi, sendofu, kipaimara, komunio, maana ndo msimu watu wanarudi nyumbani na shughuli zote zinasubiri huo muda. Sasa zipange pembeni kidogo uziangalie. Waridi lile lile kwenye kona, mkunjo ule ule wa dhahabu chini ya majina, vipepeo vile vile. Sio kwamba madizaina hawajui kazi, wanajua sana, ni kwamba wote tunashusha brashi zile zile za bure mtandaoni, yaani mihuri ya picha ya kwenye kompyuta, wakati nyuma ya nyumba kihambani (shamba la nyumbani kwa Wachaga) kuna kahawa, kuna masale, kuna migomba, na Arusha kuna ushanga na maua ya mjakaranda yanamwagika barabarani Oktoba na Novemba. Hivyo vitu hakuna mtu wa mbali atakayekaa akutengenezee. Na kuvitengeneza wewe mwenyewe ni kazi ya mchana mmoja ukishajua njia, ndo maana naandika hapa kila kitu kuanzia kupiga picha jani mpaka kutoa kadi.

Kwanza elewa brashi inafanyaje kazi

Brashi ya mapambo ni mhuri tu. Programu ya kuhariri picha, kama Photoshop, inachukua picha yako ya nyeusi na nyeupe, palipo na nyeusi inapaka rangi kamili, palipo na nyeupe haipaki kitu, na palipo na kijivu inapaka nusunusu kulingana na kijivu chenyewe kimekolea kiasi gani. Rangi haimo ndani ya brashi, inatoka kwenye kile kisanduku cha rangi ya mbele, kwa hiyo jani moja unaweza kuligonga kijani leo na kesho ukaligonga maruni kwa sababu bibi harusi kabadilisha rangi ya sherehe, ambacho ni kitu kinatokea sana. Ukibonyeza mara moja linagongwa mara moja. Ukiburuta mausi linagongwa mfululizo, na umbali kati ya pigo moja na lingine ndo huo wanaita Spacing. Photoshop kwa kawaida inaanza na 25%, yaani majani yanarundikana yanakuwa utepe mmoja mzito hauelewi ni nini, na hapo ndo watu wengi wanakata tamaa wakidhani brashi imeharibika. Haijaharibika, ongeza tu Spacing mpaka 100% au zaidi utaona majani yanaachana.

Ukishika hayo mambo mawili, nyeusi ndo inapaka na Spacing ndo inaachanisha, mengine yote yaliyobaki yanaeleweka.

Kuhusu programu sitakaa sana. Photoshop ni ya kulipia kila mwezi. GIMP ni bure kabisa, toleo la 3.0 lilitoka 2025 lakini hata lile la 2.10 la tangu 2018 bado linafanya hii kazi yote bila shida, na ukishaliweka kwenye laptopu halihitaji bando tena. Photopea inafunguka kwenye brauza, bure ila ina matangazo pembeni, menyu zake zinafanana sana na za Photoshop, na picha inashughulikiwa kwenye mashine yako hapo hapo, haipandishwi kokote. Kama unaanza na huna hela, chukua GIMP. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee njiani.

Malighafi, na hapa usiwe na haraka

Ubora wa brashi unaamuliwa kabla hujawasha kompyuta. Tuanze na masale. Nimeyachagua kwa makusudi, kwa Wachaga masale ni jani lenye heshima yake, ndo linabebwa mtu akienda kuomba msamaha, ndo linapandwa kwenye mpaka wa kihamba, kwa hiyo mzee akiona masale kwenye kadi ya harusi ya mjukuu wake anaelewa kitu ambacho waridi haliwezi kumwambia. Na kiufundi ni jani zuri pia, refu, jembamba, lina umbo linalotambulika hata likiwa dogo.

Kata majani matatu manne tofauti, moja lililonyooka, moja lililopinda kidogo, moja dogo la juu kabisa. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Tandaza karatasi nyeupe ya A4 mahali penye kivuli cha wazi, barazani panafaa sana, mida ya saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Usitumie jua la moja kwa moja maana litakuletea kivuli kikali pembeni ya jani na hicho kivuli kinageuka kuwa sehemu ya brashi. Usitumie flashi pia. Bandika jani na selotepu upande wa chini likae bapa, simama juu yake, shika simu sambamba na karatasi isiegemee, piga. Simu yoyote yenye kamera ya wastani inatosha kabisa ilimradi picha haijatikisika.

Jani la kahawa lina shida yake, linang'aa, ukilipiga linaweka alama nyeupe ya mwanga katikati na hiyo alama kwenye brashi itakuwa tundu. Dawa yake ni kuligeuza upande wa nyuma, ule upande haung'ai na mishipa yake imejitokeza vizuri zaidi.

Maua ya kahawa ndo yanachanganya kabisa. Ua ni jeupe, ukiliweka kwenye karatasi nyeupe utapata brashi ya hewa. Liweke juu ya kitambaa cheusi, kaniki au shati jeusi lisilong'aa, piga picha hivyo hivyo, halafu kwenye kompyuta utaigeuza iwe kinyume, kwenye Photoshop ni Ctrl+I, kwenye GIMP nenda Colors halafu Invert. Ua linakuwa jeusi na kitambaa kinakuwa cheupe, tayari. Njia hiyo hiyo inafaa kwa leisi ya shela, na kwa ushanga mweupe.

Na kama unajua kuchora basi una bahati, chukua kalamu nyeusi ya maka, chora kwenye karatasi nyeupe safi, peleka steshenari waskani kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi). Mchoro wa mkono unatoa brashi safi kuliko picha yoyote kwa sababu hauna kijivu cha kuhangaika nacho. Umbo la Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, nakushauri ulichore, usilipige picha, mlima una ukungu na mawingu mengi mno, wakati mstari mmoja wa mkono, Kibo bapa kushoto na Mawenzi wa mameno kulia kama unavyouona ukiwa Moshi, unaeleweka papo hapo.

Kusafisha picha

Fungua picha. Ikate karibu na jani uache nafasi ndogo tu pembeni, kwa sababu kwenye GIMP hasa, Spacing inahesabiwa kwa upana wa picha nzima, ukiacha weupe mwingi pembeni majani yataachana mbali bila wewe kuelewa kwa nini.

Ondoa rangi. Photoshop na Photopea ni Ctrl+Shift+U, GIMP ni Colors halafu Desaturate. Sasa fungua Levels, Photoshop Ctrl+L, GIMP iko kwenye Colors. Utaona mchoro wa milima na vishale vitatu chini yake. Kile cheupe cha kulia kivute kuelekea kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa, kile cheusi cha kushoto kivute kulia mpaka jani likolee. Usivute cheusi kupita kiasi, mishipa ya jani itazama na utabaki na kivuli tu, japo kuna kazi zinataka hicho kivuli tu, nitakuja huko mwishoni.

Karatasi ambayo kwa macho unaiona nyeupe mara nyingi sio nyeupe, ina kijivu cha mbali sana kwenye kona moja, na ukigonga brashi kubwa utaona pembeni ya jani kuna kisanduku kama moshi. Hili ndo kosa namba moja kwenye brashi za kujitengenezea na linaonekana zaidi kwenye kuprinti kuliko kwenye skrini. Kwenye Photoshop kuna namna ya kulikamata mapema: ukiwa kwenye Levels shikilia Alt huku unavuta kile kishale cheupe, skrini itakuwa nyeusi na sehemu zilizofikia weupe kamili tu ndo zitaonekana nyeupe, endelea kuvuta mpaka karatasi yote iwake. Palipogoma chukua brashi ya kawaida nyeupe upake kwa mkono. Kwenye GIMP nakushauri upite na brashi nyeupe pembe zote nne bila kujiuliza.

Halafu geuza mwelekeo. Laza jani, ncha iangalie kulia. Sababu ni kwamba baadaye utataka jani lifuate njia unakochora, na programu inachukulia kulia ndo mbele. Ukiliacha limesimama wima litakuwa linatembea kiubavu kila mahali.

Ukubwa: brashi ya picha kwenye Photoshop mwisho wake ni pikseli 2500 kila upande, ikizidi hapo ipunguze kwanza kwenye Image Size. Brashi kubwa ikipunguzwa inabaki safi, ndogo ikikuzwa inavurugika kingo, kwa hiyo tengeneza kubwa. Kadi ya inchi 5 kwa 7 kwenye 300 dpi ni pikseli 1500 kwa 2100 tu, jani la pikseli 1500 linakutosha kwa kila kitu mpaka A5.

Kuigeuza iwe brashi

Photoshop: Ctrl+A kuchagua yote, nenda Edit halafu Define Brush Preset, ipe jina lenye akili, "masale refu 1", sio "brashi mpya", maana zikifika thelathini hutajua ipi ni ipi. Photopea: Edit, Define New, Brush. Hapo imekwisha.

GIMP ina hatua kidogo zaidi na ina kitu kimoja cha kuangalia sana. Nenda Image, Mode, chagua Grayscale, halafu Image tena, Flatten Image. Ukishafanya hivyo nenda File, Export As, andika jina na mwishoni weka .gbr, itakuuliza Spacing na jina la brashi, jaza, halafu faili lenyewe lihifadhi kwenye foda la brashi, ambalo unaliona ukienda Edit, Preferences, Folders, Brushes. Rudi kwenye orodha ya brashi ubonyeze kitufe cha kuonyesha upya, itatokea. Kile cha kuangalia ni hiyo Grayscale. Ukiiruka ukaacha picha ya rangi yenye uwazi, GIMP itatengeneza brashi yenye rangi zake yenyewe, haitafuata rangi uliyochagua hata ubadilishe mara ngapi. Kwa masale hiyo ni shida. Kwa ushanga wa Kimaasai wenye nyekundu, bluu na nyeupe zake ni neema kubwa, na ni kitu ambacho brashi ya Photoshop haikupi kirahisi.

GIMP ina jambo lingine zuri zaidi, faili za .gih. Yale majani yako manne yaweke kwenye faili moja, kila jani kwenye leya (tabaka) yake, ukubwa sawa, eksipoti kwa jina linaloishia .gih, kwenye Ranks andika 4 na pembeni chagua random. Ukichora, programu inachagua yenyewe jani lipi ligongwe, kwa hiyo hayafanani. Aisee tofauti yake ni kubwa mno, jicho la mtu linakamata kitu kinachojirudia haraka sana hata kama hawezi kukwambia kilichomkera ni nini. Kwenye Photoshop tengeneza brashi nne na uwe unabadilisha unapogonga, inachosha kidogo lakini matokeo yanakuja yale yale.

Kama una brashi za .abr ulizoshusha, hizo ni za Photoshop, Photopea nayo inazifungua. Ukiziweka kwenye foda la brashi la GIMP nyingi zinafunguka ila linakuja umbo tu, mipangilio ya kutawanya na kuzungusha haiji, utaipanga upya wewe.

Mipangilio, hapa ndo brashi inapata uhai

Kwenye Photoshop bonyeza B kuchukua brashi, halafu F5 ifungue Brush Settings. Utaona vitu vingi, vingine hutavigusa mwaka mzima. Vya muhimu ni vinne.

Brush Tip Shape ndo kuna Spacing. Shape Dynamics ndo kuna ukubwa na mzunguko: Size Jitter inafanya kila pigo liwe na ukubwa tofauti, Angle Jitter inazungusha, na chini ya Angle kuna Control, ukiweka Direction jani linafuata njia ya mkono wako. Scattering inayatoa majani kwenye mstari na kuyamwaga pembeni. Color Dynamics inachanganya rangi ya mbele na ya nyuma, ila hakikisha umetiki Apply Per Tip, bila hiyo rangi haibadiliki ndani ya mchoro mmoja.

Nikupe mapishi mawili ninayoyatumia sana.

Mnyororo wa masale kwa ajili ya fremu: Spacing 90% mpaka 110%, Size Jitter isizidi 10%, Angle Jitter sifuri, Control weka Direction, halafu tiki Flip Y Jitter ili majani yawe yanapinduka, mengine yapinde juu mengine chini. Chora taratibu.

Maua ya kahawa yaliyomwagika: Spacing 150%, Size Jitter 60%, Angle Jitter 100%, Control iwe Off, Scatter 300% na tiki Both Axes, Count iwe 1. Color Dynamics weka Foreground/Background Jitter 100%, rangi ya mbele krimu, ya nyuma ile iliyokolea kidogo tu, tofauti ikiwa kubwa yanaonekana kama konfeti.

Ukimaliza kupanga usiondoke hivi hivi. Ile Define Brush Preset ilihifadhi umbo tu, mipangilio uliyoiweka sasa hivi haimo. Fungua menyu ya paneli ya Brushes, chagua New Brush Preset, tiki ihifadhi na mipangilio, ndo sasa unayo. Na ukishakuwa na kundi zima, lichague, Export Selected Brushes, utapata faili la .abr, liweke kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia maana laptopu zinakufa.

Kwenye GIMP hivi vitu viko kwenye Tool Options upande wa kushoto. Chini ya Dynamics chagua Track Direction kwa ajili ya mnyororo, na kwa kutawanya tiki Apply Jitter uongeze Amount. Sio nyingi kama za Photoshop lakini kwa kadi zinatosha. Kama jani linaelekea kusiko, badilisha Angle hapo hapo mpaka likae.

Wengi wanauliza kama lazima uwe na kalamu ya kuchorea. Hapana. Ile pembetatu ya onyo inayotokea ukichagua Pen Pressure inakwambia tu huna kalamu iliyochomekwa. Kwa mausi bonyeza mara moja mahali pa kuanzia, shikilia Shift, bonyeza pa kuishia, mstari unachorwa umenyooka kabisa. Mabano [ na ] yanapunguza na kuongeza ukubwa, X inabadilishana rangi ya mbele na ya nyuma.

Tuijenge kadi yenyewe

Faili jipya, inchi 5 kwa 7, 300 dpi, na ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, kwa sababu mashine ya kukata karatasi haikati mahali pale pale kila mara na usingependa mstari mweupe ubaki pembeni ya fremu yako. Usuli weka krimu.

Kila pambo likae kwenye leya yake. Hili nalisisitiza sana, usigonge brashi moja kwa moja juu ya picha au usuli, kwa sababu mteja atakwambia "hayo majani yashushe kidogo" na kama yako leya moja na vingine huna pa kuyashikia.

Fremu: chukua zana ya mstatili wenye kona za mviringo, juu iweke Path (njia tupu ya brashi kuifuata) sio Shape, chora ndani ya kadi ukiacha kama sentimita moja kutoka ukingoni. Tengeneza leya mpya, chagua brashi ya mnyororo na ukubwa wake, kisha kwenye paneli ya Paths chagua Stroke Path, Brush. Majani yatazunguka yenyewe. Kona ziwe za mviringo kweli, kwenye kona kali jani linageuka ghafla na kuacha pengo. GIMP ni hivyo hivyo, tengeneza njia, nenda Edit, Stroke Path, Stroke with a paint tool, na utiki Emulate brush dynamics.

Mimi lakini napenda zaidi pambo la kona mbili kuliko fremu nzima. Fremu nzima inabana maandishi, na kadi zetu zina maandishi mengi, majina ya wazazi wa pande zote, kanisa, ukumbi, saa, namba za kuthibitisha. Gonga majani matano sita kwenye kona ya juu kushoto, makubwa kwanza ya nyuma kwenye opasiti (ukolezi) 40%, halafu madogo ya mbele 100%, ongeza maua mawili matatu juu yake kwa mkono, pigo moja moja. Ukiridhika Ctrl+J kuikopi, Edit, Transform, Flip Horizontal, kisha Flip Vertical, isogeze kona ya chini kulia. Zimekaa.

Kwa kadi ya Arusha yenye ushanga, kuna kitu kinaitwa mandala. Photoshop kiko kwenye alama ya kipepeo juu ukiwa umeshika brashi, GIMP fungua dirisha la Symmetry Painting uchague Mandala. Chagua idadi ya pande, chukua brashi ya duara dogo la shanga, gonga mara chache upande mmoja tu na duara lote linajijaza mpaka linakuwa kama ule ushanga mpana wa shingoni. Badilisha rangi kila mduara. Dakika kumi una kitu ambacho ukikichora shanga moja moja kitakumaliza siku nzima.

Dhahabu: usipake njano. Gonga pambo kwa rangi yoyote, weka picha ya karatasi ya dhahabu kwenye leya ya juu yake, bonyeza Ctrl+Alt+G, dhahabu inaingia ndani ya umbo la majani peke yake. Kwenye skrini inapendeza sana, na kwa kadi za kutuma WhatsApp hapo umemaliza. Ila kwenye printa ya kawaida dhahabu inatoka kahawia ya haradali, hakuna wino unaong'aa mle, kwa hiyo mwambie mteja mapema, akitaka inayong'aa kweli ni ile ya kubandikwa kwa joto na bei yake ni nyingine.

Picha ya maharusi kuiingiza ndani ya majani

Hii ndo matumizi ninayoyapenda kuliko yote na watu wengi hawajui brashi inaweza. Weka picha ya maharusi kwenye leya yake. Kwenye Photoshop shikilia Alt ubonyeze alama ya maski (kifuniko kinachoamua sehemu gani ya picha ionekane) chini ya paneli ya leya, inakuja maski nyeusi na picha inapotea. Usishtuke. Kwenye GIMP ni Layer, Mask, Add Layer Masks, chagua Black. Sasa bonyeza hiyo maski, rangi ya mbele iwe nyeupe, chukua brashi ya jani la mgomba au la kahawa, ile nyeusi tupu isiyo na mishipa ndo nilisema ina kazi yake, gonga. Picha inaanza kutokea ndani ya umbo la jani. Gonga tena na tena katikati mpaka nyuso zitokee kamili, pembeni acha kingo za majani zionekane. Ukizidisha badilisha kwa X upate nyeusi, futa. Picha yenyewe haijaguswa hata kidogo.

Ikitokea brashi imegeuka kialama cha msalaba na huoni umbo lake, umebonyeza Caps Lock bila kujua, ibonyeze tena. Ikipaka hafifu angalia Opacity na Flow juu, kuna uwezekano ulibonyeza namba kwenye kibodi na opasiti imeshuka. Ikiwa inasuasua, brashi ni kubwa na Spacing ni ndogo mno kwa ramu yako, ongeza Spacing.

Kuhusu haki. Brashi nyingi za bure mtandaoni zimeandikwa ni za matumizi binafsi, na kadi ya mteja anayekulipa sio matumizi binafsi, soma maelezo yaliyokuja na faili kabla hujaitumia. Hata pindo la khanga, usilipige picha ukaligeuza brashi ya biashara, ule mchoro una mwenyewe, na hapa Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo. Jani ulilokata kihambani kwenu ukalipiga picha mwenyewe halina mtu wa kuja kukudai.

Kabla hujatoa kadi zote, toa moja tu, kwenye karatasi ile ile itakayotumika na kwa ukubwa wake halisi, utoke nayo nje kwenye mwanga uangalie mishipa ya masale na zile shanga ndogo. Vitu vyembamba vinaliwa na wino hasa kwenye karatasi ya mikwaruzo. Vikipotea rudi kwenye picha ya asili, fungua Levels, kolezesha nyeusi, ihifadhi kama brashi nyingine kwa jina la "masale print", na uwe unatumia hiyo kwa kila pambo lisilofika sentimita mbili.